Bango la "Tanzania kwa muhtasari": namba hazioani, nishike ipi?

Mwl_Chamwino

Wakuu, habari za jioni. Shule yetu huku Chamwino inaandaa bango la ukutani, sentimita 120 kwa 90. Litakuwa na historia, jiografia na idadi ya watu wa Tanzania kwa muhtasari, na kona moja ya mkoa wa Dodoma. Litachapwa mara moja tu na litakaa ukutani miaka mingi, kwa hiyo kosa likiingia wanafunzi watalisoma mpaka wamalize kidato cha nne. Vitabu tulivyonavyo vinapishana:

1. Eneo la nchi: kimoja kinasema kilomita za mraba 945,087, kingine 947,303, kingine 885,800.
2. Ongezeko la watu: taarifa ya sensa inasema 3.2% kwa mwaka. Tukipiga hesabu wenyewe tunapata 3.7%. Tunakosea wapi?
3. Mkoa wa Mbeya unaonekana kupungua watu kati ya 2012 na 2022. Inawezekana kweli?
4. Dodoma ni makao makuu tangu 1973, 1996 au 2018?
5. Vitabu vyote vinasema nchi ina vuli na masika, lakini wanafunzi wa hapa wanajua vuli haipo.

Naomba msaada kwa wanaolijua jambo hili vizuri.

Karani_wa_Kizota

Mwalimu, pole na hongera kwa kuuliza kabla ya kuchapa. Maswali yako matatu ya mwanzo yana mzizi mmoja: kila namba ina mpaka wake na tarehe yake, na vitabu vingi huvikata viwili hivyo ili namba ikae vizuri kwenye mstari. Bango lako lisivikate.

Eneo kwanza. 947,303 ni nchi nzima pamoja na maji ya ndani, yaani sehemu zetu za Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na maziwa madogo. 885,800 ni nchi kavu peke yake kwa kukadiria, na maji ni kama 61,500. Jumlisha hizo mbili utaona zinarudi kwenye 947,300. Hiyo 945,087 ni namba ya zamani ambayo vitabu vinaendelea kunakiliana. Andika hivi: "Eneo: km² 947,303 (nchi kavu na maji)". Usiandike "eneo" peke yake, kwa sababu mwanafunzi akigawanya watu kwa eneo atapata majibu mawili. Watu 61,741,120 kwa 947,303 ni 65 kwa kilomita ya mraba. Kwa nchi kavu peke yake ni karibu 70. Ukiweka msongamano wa watu, tumia nchi kavu na useme hivyo, maana hakuna kaya iliyojenga katikati ya Ziwa Tanganyika.

Sasa watu. Sensa baada ya Muungano ni sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kwa bango, namba tatu za mwisho zinatosha:

2002: 34,443,603
2012: 44,928,923
2022: 61,741,120

Ya 2022 imegawanyika hivi: Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Jumlisha mwenyewe kabla ya kumpa mchapaji. Hizo jozi mbili lazima zote zirudi kwenye jumla ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Isiporudi, kuna tarakimu imeruka wakati wa kunakili. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ni wachache wanaokitumia. Kosa la kawaida ni kubadilishana tarakimu mbili za jirani, 61,741,120 ikawa 61,714,120. Jicho halilioni, kujumlisha kunalikamata.

Andika pia siku: usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Anayehesabiwa ni aliyelala nchini usiku huo, raia na mgeni. Mtanzania aliyekuwa ng'ambo usiku huo hayumo. Kwa hiyo usiandike "Watanzania milioni 61.7". Andika "watu".

Kuhusu 3.7% yenu: mmechukua ongezeko lote la miaka kumi, 37.4%, mkaligawa kwa 10. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mwaka waliongezeka watu sawa na mwaka wa kwanza, lakini watoto wa 2013 nao wapo kwenye hesabu ya miaka inayofuata. Ongezeko linajibebea mgongoni. Njia sahihi ni hii. Geuza simu ilale upande, kikokotoo kitakuonyesha kitufe cha ln (logi asilia):

61,741,120 ÷ 44,928,923 = 1.3742
ln ya 1.3742 = 0.3179
0.3179 ÷ 10 = 0.0318, yaani 3.2%

Ukitaka miaka ya kuongezeka maradufu, gawa 70 kwa 3.2, upate karibu miaka 22. Hiyo wanafunzi wataipenda, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kujihesabia atakuwa na miaka mingapi nchi ikiwa na watu milioni 120 na ushee, kasi isipobadilika.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa Dodoma. Mkoa: 2,083,588 mwaka 2012, 3,085,625 mwaka 2022, kasi 3.9%. Wilaya ya Dodoma yenye jiji: 410,956 ikawa 765,179, kasi 6.2%. Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo, 4,364,541 hadi 5,383,728, ni 2.1%. Weka hizo tatu safu moja na ile ya taifa. Ndipo anayesoma ataona serikali kuhamia hapa kumefanya nini, bila wewe kuandika sentensi hata moja.

Mbeya haikupungua. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 2,707,410 kwa sababu Songwe ilikuwa ndani yake. Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016. Mwaka 2022 Mbeya ni 2,343,754 na Songwe 1,344,687. Ziunganishe utapata 3,688,441, ndiyo namba ya kulinganisha na ile ya 2012. Mtego huohuo uko hapa kwetu. Sensa ya 2002 ina "Dodoma Vijijini", ambayo baadaye ikazaa Chamwino na Bahi. Kondoa ya zamani imezaa Chemba. Usilinganishe wilaya kwa jina, linganisha kwa mpaka.

Kilimatinde_Juu

Karani kamaliza namba, mimi nichukue la tano, mvua, kwa sababu hapo vitabu vinawaonea watu wa kati.

Ukanda wa mvua hufuata jua. Pwani na kaskazini unapita mara mbili kwa mwaka: ukishuka kusini wanapata vuli, takriban Oktoba hadi Desemba, na ukirudi wanapata masika, Machi hadi Mei. Huku kati, magharibi na kusini, vipindi hivyo viwili vinaungana kuwa msimu mmoja. Dodoma na Singida mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba, na huo upepo wa vumbi wa Agosti na Septemba. Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka.

Wastani huo ukiuacha peke yake utawadanganya watu, Mwalimu. Milimita 550 si chache kwa mtama kama zimekuja kwa mpangilio. Tatizo ni kwamba hushuka kwa vishindo vichache, maji yanakimbilia makorongoni, halafu katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mvua inakata kwa wiki kadhaa. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele wakati huo, hayapati punje. Mtama na uwele huvumilia, vinasimama kusubiri na kuendelea mvua ikirudi. Ndiyo sababu Ugogo ni nchi ya mtama na uwele, na ugali wa uwele unastahili mstari wake kwenye kona ya Dodoma. Sambamba na zabibu, bila shaka.

Kwenye bango andika: "Misimu ya mvua: miwili pwani na kaskazini (vuli, masika), mmoja kati, magharibi na kusini (Novemba/Desemba hadi Aprili)". Mstari mmoja, umemaliza.

Mambo ya jumla ya jiografia hayana ubishi mwingi: Kilimanjaro mita 5,895, Ziwa Tanganyika kina mita 1,470, nchi jirani nane (Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji). Kongo inasahaulika mara nyingi kwa kuwa mpaka wetu nayo uko majini tu.

Kuhusu kona ya Dodoma, eneo la mkoa ni km² 41,311, kwa hiyo msongamano ni kama watu 75 kwa kilomita ya mraba. Jiji liko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, latitudo nyuzi 6 dakika 10 kusini. Wilaya ni saba (Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa) lakini halmashauri ni nane, kwa sababu Kondoa ina halmashauri ya mji na ya wilaya. Watu huchanganya hizo mbili kila siku.

Jambo ambalo karibu kila muhtasari unaliruka ni mito isiyofika baharini. Mto Bubu unateremka kutoka Kondoa na kuishia kwenye kinamasi cha Bahi, basi; maji yanakauka palepale na kuacha chumvi. Ukisimama Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, unaliona bonde lote la Bahi chini yako, tambarare mpaka macho yanachoka. Lakini ukienda mashariki ya jiji, maji ya Kinyasungwe yanayopita bwawa la Hombolo yanaelekea Wami na hatimaye Bahari ya Hindi. Mgawanyo wa maji unapita ndani ya mkoa wenu. Chora mishale miwili ya buluu, mmoja uishie Bahi, mwingine uelekee mashariki. Inafundisha kuliko aya nzima.

Msafara_na_Hongo

Shikamoo Mwalimu. Upande wa historia, makosa ninayoyaona kwenye mabango ya aina hii ni yaleyale manne, nayaandika na sababu zake.

"Tanzania ilipata uhuru 9 Desemba 1961." Hapana, ni Tanganyika. Tanzania haikuwapo. Mtiririko sahihi: Tanganyika uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Zanzibar uhuru 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964. Muungano 26 Aprili 1964, kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo.

"Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza." Kisheria haikuwa. Baada ya Ujerumani kushindwa vita, Uingereza ilikabidhiwa nchi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ikathibitishwa 1922, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Si kubishania neno tu: ni kwa sababu ya udhamini huo TANU, iliyoundwa 7 Julai 1954, iliweza kumpeleka Mwalimu Nyerere kwenye Baraza la Udhamini New York mwaka 1955. Koloni la kawaida lisingekuwa na mlango huo.

"Idadi ya watu wakati wa Mjerumani." Hapa urudi kwa Karani na mipaka yake. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilijumuisha Rwanda na Burundi, na takwimu za jumla za wakati huo zinawahesabu nao. Ukiziweka kwenye mchoro mmoja na sensa zetu, nchi itaonekana kupoteza mamilioni ya watu bila sababu. Kwa mchoro anza na 1967.

La nne ni Dodoma. Tarehe zako zote tatu ni za kweli, ila kila moja ni ya jambo lake. Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mamlaka ya ustawishaji, ile CDA, ikaundwa mwaka huo. Mwaka 1996 Bunge ndilo lililohamia. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali nzima ihamie, CDA ikavunjwa Mei 2017, tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria inayoitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Ikulu ya Chamwino, hapo kwenu, ilizinduliwa 20 Mei 2023. Kwenye bango weka mstari wa wakati wenye vituo vitano: 1973 uamuzi, 1996 Bunge, 2016 tangazo, 2018 jiji na sheria, 2023 Ikulu. Mwaka mmoja peke yake utapotosha.

Nakuomba usianze historia ya Dodoma mwaka 1973, kama vile palikuwa pori tupu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Humo ilibidi walipe hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Kigogo: vitambaa, shanga, waya. Wasafiri wa Kizungu waliandika hongo kama unyang'anyi. Ukiangalia nchi yenyewe utaona visima vilikuwa vichache, vimechimbwa na kutunzwa na wenyeji, na msafara wa watu mamia ulikuwa unakunywa maji ya kijiji kizima na kununua nafaka ya msimu. Ilikuwa haki yao.

Reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam 1905, ilifika Dodoma 1910, na kituo kikaukuza mji. Jina lenyewe kwa simulizi za wazee linatokana na neno la Kigogo idodomya, palipodidimia, kutokana na tembo aliyezama kwenye tope akinywa maji. Iandike kama simulizi, ipo hai na inapendwa.

Kongwa pia isikose. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, 1951 ukatelekezwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi: mvua ikiwepo unalimika, ukikauka unakaza kama sakafu, na karanga inazaa chini ya ardhi. Wakati wa kuvuna ndio wakati udongo umekaza. Mashine hazikuweza kuzing'oa, na mvua yenyewe haikutosha. Mgogo yeyote angewaambia pale ni pa mtama na ng'ombe.

Mrangi_wa_Kolo

Naongeza moja tu, nalo linanigusa kwa sababu linasahaulika. Kwenye sehemu ya watu usiandike "makabila zaidi ya 120" ukaishia hapo. Kona ya Dodoma inaweza kuonyesha kitu ambacho ni nadra barani Afrika: ndani ya Kondoa na Chemba zinakutana jamii nne za lugha. Kirangi na Kigogo ni za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni za Kikushi. Wabarbaig na Wamasai wanaongea za Kiniloti. Wasandawe wa upande wa Kwa Mtoro wana lugha ya vidoko, ile ambayo baadhi ya konsonanti hutamkwa kwa kualisha ulimi. Zamani iliwekwa kundi moja na Kihadza cha Ziwa Eyasi na lugha za Wakhoisan wa kusini mwa Afrika, ingawa wanaisimu wengi sasa wanatahadhari na undugu huo.

Na michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Michoro myekundu ya watu wembamba na wanyama ni ya kale zaidi. Myeupe ilikuja baadaye. Ukiweka picha moja ya bango zima, weka hiyo, si ya jengo.

Mwl_Chamwino

Shukrani sana wakuu, na marahaba kwa aliyeniamkia. Tumepiga hesabu ya ln na wanafunzi, imetoka 3.18 safi kabisa. Nimebaki na mawili. Je, niweke idadi ya watu ya "sasa" badala ya 2022? Na ramani: tuna tatu kabatini, nichague vipi ya kunakili?

Karani_wa_Kizota

Namba kubwa ya bango iwe ya 2022, kwa sababu watu hao walihesabiwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, unaweza kuweka makadirio. Kwa kasi ya 3.2%, miaka mitatu baada ya sensa ni 61.74 × 1.10, karibu milioni 68 Agosti 2025. Andika neno "makadirio" wazi, na uiandike "milioni 68", usiweke tarakimu zote nane. Makadirio yenye tarakimu mpaka ya mwisho yanajifanya sensa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa makadirio yake mwaka hadi mwaka, hayo ndiyo ya kuchapa ukiyapata. Acha nafasi tupu ya sentimita kumi upande wa kulia wa mistari ya sensa, ili sensa ijayo ibandikwe pale bila kuchapa bango upya.

Na mweleze mchapaji: koma kwa maelfu, nukta kwa desimali. Baadhi ya programu za kuchapa hugeuza zenyewe, 3.2 ikawa 3,2 na 41,311 ikawa 41.311. Soma nakala ya majaribio kwenye karatasi, usiisomee kwenye skrini ya simu.

Kilimatinde_Juu

Ramani ni rahisi, Mwalimu, ipime umri wake kwa mikoa. Tafuta Songwe, kati ya Mbeya na Rukwa. Ikiwepo, ramani ni ya 2016 au baadaye, na mikoa inapaswa kuwa 31: 26 Bara, 5 Zanzibar. Songwe haipo lakini Geita, Simiyu, Katavi na Njombe zipo: ni ya 2012 hadi 2016, mikoa 30. Hizo nne hazipo lakini Manyara ipo: ni ya 2002 hadi 2012. Manyara nayo haipo: hiyo iache ibaki kabatini kwa somo la historia.

Ukishapata ya 31, angalia Ziwa Nyasa. Ramani nyingi zilizochapwa nje huchora mpaka na Malawi kwenye ufuko wetu, kana kwamba ziwa lote ni lao. Ramani za Tanzania huupitisha katikati ya maji. Halafu angalia alama ya makao makuu: ikiwa nyota iko Dar es Salaam na Dodoma ina kidoti tu, iliyobaki nayo usiiamini mpaka umeikagua mkoa kwa mkoa.